Kwa Miguu hadi Namugongo

Kila mwaka, siku nyingi kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, vikundi vya waumini huondoka makwao kwa miguu kuelekea Namugongo, nje kidogo ya Kampala, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa ajili ya imani yao ya Kikristo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mahujaji hutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Mimi nilitembea na kikundi kilichovukia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na tangu hapo naamini kwamba hija ya miguu inastahili jina la utalii endelevu kuliko safari nyingi zinazouzwa kwa jina hilo, kwa maana atembeaye hawezi kuipita nchi bila kuwahitaji wenyeji wake.

Tulilala kwenye kumbi za parokia, juu ya mikeka, tukala posho, yaani ugali, na maharage yaliyopikwa na akina mama wa jumuiya. Fedha yetu haikuwa nyingi, lakini ilidondoka kidogo kidogo njiani, kwa muuza chapati, kwa fundi viatu, kwa mwenye duka la dawa aliyetufunga malengelenge. Pale Najjembe, katika msitu wa Mabira, mama mmoja aligeuza gonja, ndizi za kuchoma, juu ya makaa kwa vidole vitupu, na alipojua tuendako alituongezea mbili, akasema, "Mwanangu, ukifika unitajie marehemu mama yangu." Nilimtaja mbele ya altare ya basilika, ambayo inasimama pale pale alipochomwa Lwanga, chini ya paa lililojengwa mfano wa nyumba ya msonge na kushikiliwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi aliyetangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Kinachoniuma ni plastiki. Asubuhi ya tarehe 4, nyasi za kuzunguka ziwa dogo la pale Namugongo ambamo watu huchota maji kwa vidumu zilikuwa zimefunikwa na chupa tupu, na nyingi, nakiri kwa huzuni, zilikuwa za sisi tuliotembea. Barabara za lami na hoteli mpya hazitaondoa tatizo hilo. Maji safi ya kujazia chupa kwenye kila parokia ya njiani yatalipunguza sana. Kikundi chetu kimekwisha kuziomba parokia tatu zituwekee mapipa ya maji, nasi tutachangia kuni za kuyachemshia.