Umepima wapi?

Nilisema wiki hii nitaandika habari za mtihani wangu wa haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa na mafuta. Nimefaulu. Lakini kilichonikaa rohoni ni maneno ya Jumatatu.

Nilikuwa nimepima cheni ya kunyanyulia ya foklifti moja, ile mashine ya kupandishia mizigo ghalani: pingili 16, milimita 305, sawasawa na mpya. Nikaandika "nzuri" kwenye fomu. Mzee, fundi ninayefanya naye kazi, akaja anafuta mikono kwa tambara.

"Umepima wapi, binti?"

"Hapa, Mzee." Nikamwonyesha kule mwisho, karibu na inapofungwa.

"Hapo inapita kwenye puli, lile gurudumu la juu?"

Nikanyamaza.

"Basi hapo hailiki."

Hakupandisha sauti. Angenifokea ningelia, yakaisha. Sasa hata nikipiga mswaki nasikia: hapo inapita kwenye puli? Nilijua, jamani! Cheni inalika kwenye pini zake, pale pingili zinapojikunja juu ya puli na mzigo ukining'inia. Mwisho wake haujikunji, utabaki mpya miaka yote. Nilipima pale kwa sababu mkono ulifika bila shida.

Tukapima panapofanya kazi. 315. Ikirefuka asilimia 3 inatolewa, na kwa pingili hizo ni kama 314. Mzee akachomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni. Dereva wa foklifti hiyo alikuwa amesimama pembeni, asubuhi hiyohiyo ameshapandisha mizigo hadi rafu ya juu, na chini wenzake wanapita. Yule dereva simsahau.

Alhamisi tukaenda ghala jingine. Mzee akabaki garini anaongea na simu, nikaanza peke yangu. Nikanyanyua uma, ile mikono ya chuma inayobeba mzigo, kidogo cheni ikaze, nikakingia gogo kwenye mlingoti, nguzo ambamo uma hupanda na kushuka, kabla sijaingiza mkono, nikafuta grisi mpaka vichwa vya pini vikaonekana. Nikahesabu mara mbili. 307. Cheni zote mbili.

Mzee alipokuja hakutoa hata futi.

"Wapi?"

Nikaweka kidole. Akatazama kidole, akatazama puli juu, akatia sahihi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nashika ile fomu, niliona hata aibu kuiweka chini.

Mama hajapiga simu tangu Jumapili. Nikipiga mimi inaita tu, na yeye si mtu wa kuacha simu mbali. Kesho nitamwomba jirani aende kumwangalia.