Nyutoni-mita 11: nilivyopata spana ya toki ya kazi ya giaboksi

Nilikuwa nimelala chali chini ya gari, taa ya kichwani ikimulika valvu bodi, kile kipande cha giaboksi kinachoongoza oili ya kubadilishia gia, nikikaza bolti yake ya tatu. Ilikaza, ikakaza, halafu ghafla ikawa laini, kama mwiko kwenye uji. Nikaacha kuvuta. Nilipoifungua ilitoka ikiwa imejizungushia kijiwaya chembamba kinachong'aa. Huo ndio uliokuwa uzi wa alumini wa tundu la bolti kwenye giaboksi yangu, umeng'oka wote na kuifuata bolti.

Gari hili hukokota trela. Kwenye milima giaboksi, ambayo ni ya otomatiki, ilikuwa ikipata joto na kubadilisha gia kwa uvivu. Nikaamua kuiwekea valvu bodi iliyoboreshwa, yenye springi kali zaidi, pamoja na sampu, yaani beseni la oili la chini ya giaboksi, ya kina kirefu inayobeba oili nyingi. Kwa kazi hii giaboksi haishushwi. Unamwaga oili, unafungua sampu kwa chini, unatoa chujio, kisha unashusha valvu bodi. Kila kitu nilikipanga: stendi imara za jeki, vitambaa visivyotoa nyuzi, trei ya kupanga bolti kwa mpangilio zilivyotoka. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti, ndiyo niliyoichukulia kuwa jambo dogo.

Niliyokuwa nayo ni ya kichwa cha nusu inchi, ya kukazia nati za magurudumu, yenye vipimo vya nyutoni-mita (Nm) 40 hadi 210. Kitabu cha gari kinataka Nm 11 kwa bolti za valvu bodi, na hivyo hivyo kwa bolti za sampu. Yangu isingefaa, hilo nililiona mapema, nikaazima nyingine ya inchi 3/8 iliyoandikwa Nm 10 hadi 80. Namba 11 imo kwenye mizani yake, nikaona yametosha.

Hayakutosha. Spana ya toki ya kubofya ina springi ndani ya mpini, na unapozungusha mpini unaibana springi hiyo zaidi au unailegeza. Chini kabisa ya mizani springi inakuwa imelegea mno, na ule mlio wa “tik” unaokuambia uache kuvuta unakuwa hafifu, hausikiki vizuri wala mkono hauuhisi. Bila shaka ilibofya. Mimi sikuihisi, nikapitiliza. Bolti hizi ni za M6, yaani unene wa milimita 6, nyembamba kama penseli, na zinaingia kwenye alumini. Ukishapita kipimo huna nafasi ya kujirudi.

Nilimpelekea bolti ile fundi mmoja mtu mzima ambaye amefungua giaboksi maisha yake yote. Aliishika, akaugusa ule uzi wa alumini kwa ukucha, akaniuliza, “Mwanangu, spana yako inaishia ngapi?” Nikamwambia 80. Akasema, “Chukua moja ya tano yake. Chini ya hapo usiiamini.” Moja ya tano ya 80 ni 16, na mimi nilikuwa nimeiweka 11. Baadaye nikagundua kwamba kanuni yake haikuwa ya mdomoni tu: kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, nacho kinahesabu usahihi wake kuanzia asilimia 20 ya kipimo cha juu kabisa. Kuanzia hapo spana ya kubofya ya aina hii inatakiwa isikosee zaidi ya asilimia 4.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa kuanzia kwenye bolti. Nilichukua karatasi nikaandika kila bolti nitakayoigusa na kipimo chake, na karibu zote zilikuwa Nm 11. Kizibo cha kumwagia oili cha sampu mpya peke yake kilizidi 20. Kwa hiyo nilihitaji spana ambayo 11 iko katikati ya mizani yake: ya robo inchi, Nm 5 hadi 25. Moja ya tano ya 25 ni 5, kwa hiyo mizani yote inaaminika, na kizibo nacho kinaingia humo humo.

Nilifikiria pia ile ya sindano, yenye ufito unaopinda na mshale unaosoma namba. Naipenda, haina springi ya kuchoka. Lakini lazima uitazame sindano uso kwa uso, na chini ya gari kichwa chako kiko upande mmoja na mizani iko upande mwingine. Ya kidijitali inayolia na kuwaka taa ingenifaa sana kwa bolti ndogo, ila niliyoipata ilikuwa ya vipimo vikubwa. Nikachukua ya kubofya, iliyokuja na cheti cha upimaji chenye namba ile ile iliyochongwa kwenye mpini. Namba hizo mbili zilinganishe mwenyewe kabla hujaichukua.

Kuna mtego mwingine ulionikalia karibu, nao ni vipimo vyenyewe. Maelekezo yaliyokuja na valvu bodi mpya hayakutumia nyutoni-mita. Yaliandika 100, kwa pauni-inchi. Pauni-inchi 100 ni kama Nm 11.3 tu. Mtu akisoma haraka akadhani ni pauni-futi, anaweka Nm 135 kwenye bolti ya M6, na hiyo itakatika kabla hajafika hata robo ya njia. Nilibadilisha namba zote kuwa nyutoni-mita, nikaziandika kwa kalamu nene na kubandika karatasi kwenye sampu ya zamani, mbele ya macho yangu.

Baada ya yaliyonipata sikutaka kuamini cheti peke yake. Niliibana pembe nne ya spana, kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi, kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala sawasawa na sakafu, nikaiweka 11. Kutoka katikati ya pembe nne hadi katikati ya mshikio ni sentimita 23. Pale pale nilitundika ndoo ndogo, nikawa namimina maji kwa kikombe, taratibu. Spana ikabofya. Nikaishusha ndoo na kuipima kwenye mizani: kilo 4.7. Zidisha kwa 9.81 na kwa mita 0.23, unapata Nm 10.6. Ongeza karibu nusu Nm ya uzito wa spana yenyewe, kwa sababu nayo inaning'inia, na jumla inakuwa 11.1. Nilirudia mara mbili zaidi, kilo 4.6, kisha 4.7 tena. Pale ndipo moyo wangu ulipotulia.

Uzi uliokufa niliutengeneza kwa springi ya chuma ya kupandikiza, inayokaa ndani ya tundu na kuishika bolti. Nilishusha valvu bodi yote tena, nikaziba njia za oili kwa vitambaa, nikatoboa tundu kwa keekee ya milimita 6.3, nikakata uzi mpya kwa tepu, kile kikatio cha uzi, niliyoipaka grisi nzito ili ishike vumbi la alumini lisianguke ndani. Ilinichukua asubuhi nzima kwa tundu moja. Chembe moja ya alumini ikiingia kwenye valvu inaikwamisha, ndiyo maana sikuharakisha.

Kukaza kwenyewe kulikuwa raha. Nilianza katikati nikaelekea nje, mzunguko wa kwanza Nm 6, wa pili 11. Valvu bodi ni msitu wa vijia vya oili na valvu zinazoteleza kwa nafasi finyu mno. Ikikazwa upande mmoja kuliko mwingine inapinda na valvu zinakwama. Ikilegea, presha inavuja kutoka kijia kimoja hadi kingine na klachi za ndani zinateleza. Nilishika mpini katikati, nikavuta polepole bila kushtua, na kila bolti ilitoa “tik” safi iliyofika hadi kiganjani. Pale palipohitaji ekstensheni ndefu nilitumia iliyonyooka, maana hiyo haibadilishi kipimo. Kufungua bolti nilitumia racheti ya kawaida, spana ya toki sikuigusa kwa kazi hiyo. Na kila nilipopumzika niliirudisha kwenye 5, springi ipumue.

Ile bolti ya tatu niliiacha ya mwisho. Nilivuta huku nimezuia pumzi. Ikabofya.

Nikajaza oili, nikawasha injini, nikapitisha gia zote huku magurudumu yakiwa hewani, nikaongeza oili hadi alama. Usiku ule nilitandika kartoni safi chini ya gari. Alfajiri niliivuta nje nikaikagua kwenye mwanga wa jua, pembe hadi pembe. Ilikuwa kavu.