Kutu inasingiziwa tu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Kutu naishi nayo: iko mikononi, puani, mpaka kwenye chai. Mteja akikwaruzwa kidogo na bati kuukuu anaruka, "Fundi, hii si pepopunda hii?" Huyohuyo akichomwa na mwiba anapokatiza zizini, anauchomoa, anatema mate, safari inaendelea.

Kutu haileti pepopunda. Wanaoileta ni bakteria waitwao Clostridium tetani, na vijimbegu vyao hulala miaka mingi kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama. Hata maji ya moto hayaviui kirahisi. Msumari wenye kutu kwa kawaida umelala chini kwenye uchafu, ndiyo maana umebambikiwa kesi. Msumari mpya ulioangukia zizini una hatari ileile.

Shemeji yangu analima zabibu Hombolo. Samadi anaimwaga mwenyewe, miguuni kavaa makatambuga. Siku moja mwiba wa mgunga ukapenya pembeni ya kisigino. Nikamuuliza kama ana chanjo.

"Chanjo ya nini, shemeji? Mimi sishiki vyuma."

Nilikitazama kile kidonda. Tundu dogo kama la sindano, damu haikutoka hata tone, na juu ngozi imeshaanza kujifunga. Yeye aliona ni nafuu. Mimi ndilo lililonitisha, kwa sababu bakteria hawa hustawi pasipo na hewa. Jeraha linalomwaga damu linatisha macho, lakini tundu refu, jembamba, lenye chembe za samadi ndani, ndilo wanalolitaka.

Dalili huchelewa, mara nyingi siku 3 hadi 21. Taya linagoma kufunguka, shingo na mgongo vinakakamaa. Pengine kidonda kilishapona na kusahaulika, basi ndugu wanaanza kutafuta mchawi. Wengine wanamtengea mgonjwa sahani na kikombe, wakati ugonjwa huu hauambukizwi na mtu.

Linaloniuma zaidi ni kitovu cha mtoto mchanga. Wembe mchafu, kisha bibi anapaka majivu au kinyesi cha ng'ombe ili kikauke haraka! Sindano wanazochomwa wajawazito kliniki zinamkinga mtoto pia.

Na usijivunie chanjo za utotoni, maana kinga hupungua. Hata aliyewahi kuugua akapona anahitaji kuchanjwa.

Karakanani kwangu mafuta ya taa na grisi kwenye kidonda ni marufuku. Sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha zahanati, hata kama ni mwiba. Shemeji alikwenda, akarudi analalamika eti sindano imeuma kuliko mwiba wenyewe. Kidonda kikiwa kichafu na sindano ya mwisho imepita miaka 5, utachomwa nyingine. Kama hukumbuki ulichomwa lini, waambie hivyohivyo, nao watakuhesabu kama hujachanjwa.