Usumbufu Uliojitokeza

Mwaka 2014 hoteli yetu, moja ya zile za pwani ya kaskazini ya Mombasa, iliokolewa na watu ambao soja wetu wa langoni hawakuzoea kuwafungulia.

Mwezi wa Mei serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasikanyage kisiwa cha Mombasa ila kwa safari ya lazima, na kampuni za utalii zikaleta ndege kuwachukua wateja wao kwa mamia, wengine hata nguo za kuogelea hazijakauka. Juni kukawa na mauaji ya Mpeketoni, kule Lamu. Basi tena. Hoteli za jirani zilifunga. Sisi tulifunga vyumba vya upande mmoja, vibarua wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na waliobaki tukapunguza bei na kuanza kuwaita Wakenya wenyewe. Idi ul-Fitr ilipoandama mwishoni mwa Julai, tulijaa. Familia zilitoka Majengo, Kisauni, Mji wa Kale, nyingine Nairobi kwa basi la usiku. Watoto walikuwa bwawani tangu asubuhi hadi midomo ikawa ya buluu, na mpishi wa pilau, ambaye mwezi uliopita alikuwa karibu kufutwa, akawa ndiye mtu muhimu kuliko wote hotelini.

Mimi nilikuwa meneja wa zamu ya jioni. Kazi hiyo, ukiivua suti yake, ni kupokea malalamiko: maji ya moto hayaji, kiyoyozi kinadondosha maji, jirani anapiga muziki. Malalamiko dhidi ya walinzi yalikuwa nadra sana, na kwa muda mrefu uongozi ulijivunia jambo hilo kwenye ripoti za kila mwezi. Hakuna aliyeona kwamba anayenyanyaswa langoni huishia langoni. Hafiki mapokezi akalalamika.

Huyu alifika, kwa sababu alikuwa na ufunguo wa chumba chetu mkobani.

Alikuja kaunta baada ya magharibi na binti yake. Bi mkubwa wa makamo, buibui amelishika mkononi badala ya kulivaa, amejitanda leso ambayo bila shaka binti alimletea kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa ya chini. Binti ndiye aliyekuwa akitetemeka. Wageni wengine walikuwa wakisubiri funguo na macho yote yalikuwa kwetu, kwa hiyo nikawaomba tuingie ofisini nyuma. Nikabaki nimesimama, nikitafuta maneno ya kuanzia.

"Keti, mwanangu," akaniambia, ndani ya ofisi yangu mwenyewe. Nikaketi.

Alitoka asubuhi kwenda Majengo kumpa mkono wa Idi dadake mgonjwa. Jioni akarudi kwa tuktuk, na kwa kuwa tuktuk haziruhusiwi kuingia, akashuka barabarani na kutembea hadi langoni akiwa na mkoba na halwa aliyofungiwa kwa ajili ya wajukuu. Soja akamuuliza anamtembelea nani. Akasema hamtembelei mtu, anakaa hapo. Soja akamwambia aweke vitu mezani. Mkoba ukamwagwa, halwa ikafunguliwa ikaachwa wazi. Kisha akapitishiwa kile kifaa kinacholia kikikuta chuma, nacho kikalia kifuani. Pini, alisema. Pini za mtandio na mkufu.

"Akanambia nifungue buibui aone. Nikamwambia nitafutie mwanamke. Akasema mwanamke hapana. Na vijana wa bodaboda wamekaa pale watazama." Akanyamaza kidogo. "Nikalivua. Nikamtupia pale mezani. Ndani nina kigauni cha nyumbani tu, mwanangu. Siku ya Idi."

Binti alikuwa mwanafunzi wa sheria, na hapo akaanza: Kifungu cha 28 cha Katiba, heshima ya utu, cha 31, faragha, mtu asipekuliwe, na cha 27, ambacho kinakataza ubaguzi na kinataja mpaka mavazi. Alikuwa sahihi kwa kila kifungu. Mamake akamgusa goti. "Ngoja. Hiyo katiba yako itakuja. Kwanza huyu asikie."

Nilisikia. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili, nikarekebisha. Sikumwambia lolote kuhusu hali ya usalama nchini. Alikuwa mtu wa Mombasa. Alijua kuhusu bomu la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 kabla mimi sijaanza kazi ya hoteli, na shambulio la jumba la biashara la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013 alilitazama kwenye televisheni kama sisi sote. Mtu anayeingia kwenye jumba lolote la biashara hapa mjini huinua mikono apekuliwe bila kuambiwa. Hakuwa analalamika kwa kupekuliwa.

Meneja mkuu nilimpata kwa simu. Jibu lake lilikuwa tayari kabla sijamaliza: soja aondolewe usiku huohuo, mama apelekewe kikapu cha matunda na chakula cha jioni cha bure kwa familia nzima. Ni jibu ambalo hoteli zote hulitoa. Ni rahisi. Soja si mwajiriwa wetu bali wa kampuni ya ulinzi, hivyo kumwondoa ni kupiga simu tu, na matunda yapo jikoni.

Kabla ya kupiga hiyo simu nikaenda chumba cha kamera. Picha hazikuwa na sauti. Kwanza likaja gari la kampuni ya utalii na wageni wachache waliosalia msimu ule; soja akapitisha kioo chini ya gari, kizuizi kikainuka, hakuna aliyeshuka. Kisha yule mama, kwa miguu. Yote aliyonieleza yalikuwa pale. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuliona au hakulitilia maanani: baada ya kifaa kulia, soja aliinua simu ya upepo mdomoni, akasikiliza, akaiinua tena. Na mama alipolitupa buibui mezani, vijana wa bodaboda walicheka, na soja naye akatabasamu.

Kitabu cha matukio langoni kilikuwa na mstari mmoja tu: mama mmoja mbishi alikataa kupekuliwa, baadaye akaingia.

Nilimwita. Kijana wa Magharibi mwa Kenya, Kiswahili cha bara, kofia ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri kwa sababu wa kumpokea hakufika. Nikamuuliza alikuwa anamwita nani redioni. "Niliita kontroli, bosi. Nikauliza kama wanaweza nitumia mama mmoja wa usafi aje anisaidie. Wakaniambia, malizana naye hapo hapo."

"Na ukamaliza."

"Vile niliambiwa."

Nikatoa faili la maagizo ya lindo. Liliandikwa baada ya Westgate, na lilisema wazi kwamba mtu ambaye kifaa kimelia kwake asipite mpaka ijulikane ni nini. Kuhusu wanawake, lilisema wapekuliwe na mlinzi wa kike. Ukurasa wa mbele kidogo kulikuwa na agizo la baadaye, la mstari mmoja: magari ya wageni wa kampuni yasicheleweshwe. Na nyuma kabisa, barua ya mwezi wa Juni ya kupunguza idadi ya walinzi ili kubana matumizi, iliyoanza na walinzi wa kike wa jioni. Saini ilikuwa ya meneja mkuu.

Kwa hiyo kijana huyu alipewa amri mbili ambazo haziwezi kutimizwa pamoja, akaachwa langoni bila silaha, bila msaidizi na bila chakula, achague mwenyewe ni ipi atakayoivunja. Lakini tabasamu lile halikuwa kwenye maagizo yoyote. Nikamuuliza kuhusu hilo pia. Akatazama kofia.

Asubuhi nilimwekea meneja mkuu barua yake ya Juni mezani, na pembeni yake orodha ya wageni wa wiki ile. Sikuhubiri. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilisema yenyewe: majina karibu yote yalikuwa ya watu wanaokuja kwa miguu, kwa tuktuk na kwa magari yao madogo, wake zao wamevaa buibui. Alisoma kwa muda. Akasema bajeti haina nafasi. Nikamwambia binti wa chumba kile anasomea sheria na ameandika kila kitu. Nadhani hilo la pili ndilo lililomgusa, na sikuona haya kulitumia. Mlinzi wa kike angerudi, na langoni pangewekwa kibanda chenye pazia. Kibanda kilijengwa na fundi wetu kwa mbao za jukwaa la ngoma za jioni, ambalo halikuwa na watazamaji msimu ule.

Barua ya kuomba radhi ikaandikwa ofisini kwake kwa ule mfano tuliokuwa tukiutumia kwa kila kitu, kuanzia umeme kukatika hadi mende. Nikaipeleka chumbani mwenyewe. Mama aliivalia miwani, akaisoma yote, akanirudishia.

"Hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Yasema mwasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Usumbufu upi? Ulijitokeza wenyewe, hauna aliyeuleta? Mimi sikusumbuliwa. Mimi nimevuliwa buibui langoni kwenu na mtu wenu. Andikeni hivyo, kisha muombe radhi."

Kumshawishi meneja mkuu atie saini barua ya pili ilikuwa kazi kuliko kumrudisha mlinzi. Alihofia wakili. Nikamwambia wakili ataikuta kamera kabla ya kuikuta barua. Mwishowe sentensi ikabaki hivi: kwamba mgeni wetu alilazimishwa na mlinzi wa kiume kuvua buibui mbele ya watu, kwamba hoteli ilikuwa imemwondoa mlinzi wa kike aliyepaswa kuwepo, na kwamba tunaomba radhi kwa yote mawili. Mama aliikunja akaitia mkobani. Chakula cha bure alikikataa. Akataka arudishiwe fedha za usiku mmoja, akarudishiwa taslimu. Matunda waliyala wajukuu.

Kisha akataka kumwona yule soja. Hilo sikulipenda. Nimeona wageni wakitaka mfanyakazi aletwe mbele yao, na mara nyingi wanachotaka ni kumwona akijikunyata. Nilimwambia nitakuwepo na hatapigwa picha. "Nimpige picha ya nini?" akasema.

Kijana akaja, akaomba radhi kwa maneno ambayo nadhani aliyakariri njiani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza swali moja.

"Ulicheka nini?"

Kimya. Mimi nikataka kuingilia, yule mama akanizuia kwa kiganja. Alikuwa tayari kungoja mpaka Idi nyingine. Kijana akasema, taratibu, kwamba wale wa bodaboda wako pale kila siku, humtania kwa kuwa ni mgeni wa mji huu, na kama asingecheka nao wangejua ameogopa.

"Uliogopa nini?"

"Nyinyi, mama. Na ile mashine. Nilidhani labda kuna kitu kweli."

"Haya," akasema. "Nenda kazini."

Siwezi kusema alimsamehe. Hakusema hivyo, wala sikumuuliza. Ila aliniagiza nihakikishe hafukuzwi, na mimi nikaahidi, jambo ambalo halikuwa mikononi mwangu. Kabla wiki haijaisha kampuni ya ulinzi ikamhamishia kwenye maghala ya Shimanzi, ambako hakuna marupurupu ya wageni wala chakula cha mchana. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa kwa fahari kabisa kwamba mteja alilalamika na hatua zimechukuliwa. Mteja ni sisi. Yule wa kontroli aliyesema "malizana naye" aliendelea kukaa kwenye kiti chake akitazama skrini, na miaka miwili baadaye, mwaka ambao sheria ya kusimamia kampuni za ulinzi ilipitishwa, nikasikia amepandishwa cheo.

Oktoba, Idi kubwa ilipokaribia, simu ya mapokezi ililia na nikaitambua sauti kabla hajajitaja. Alitaka vyumba viwili. Lakini kabla ya bei, kabla ya kuuliza kama vinatazama bahari, akauliza: "Yule mwanamke wenu yuko langoni?"

"Yuko, mama. Mpaka saa mbili usiku."

"Na baada ya saa mbili?"

Nikaanza kumweleza kuhusu zamu, na mama wa usafi ambaye sasa huitwa kusaidia, na bajeti ambayo bado tunaizungumza.

"Sawa, mwanangu," akanikata. "Niandikie hivyo vyumba. Tutaingia adhuhuri."