Mlango wa Kiberiti: Nilivyolea Bantamu na Brahma Pamoja

Watu wawili walinishauri kuhusu kulea bantamu, kuku wadogo wa urembo, pamoja na Brahma, kuku wakubwa wazito, na wote wawili walinipotosha. Mzee wa agroveti, duka la dawa za mifugo, huku kwetu Utawala, Nairobi, aliniambia, "Kijana, kuku ni kuku. Weka mayai yote siku moja, subiri siku 21." Jirani yangu, ambaye amefuga broila miaka mingi na hakuachi usahau, alisema hao kuku wa urembo watakanyagwa wafe wote kabla ya wiki mbili, heri niyakaange mayai yao nikiwa bado na hamu.

Nilimsikiliza mzee kwanza, kwa sababu ya mvi.

Nilikuwa na mayai 10 ya bantamu na 14 ya Brahma. Ya bantamu yalinigharimu kama mia moja kila moja, au mia na hamsini, mke wangu anakumbuka vizuri zaidi na huwa ananikumbusha. Mashine ya kuangulia mayai niliinunua Kayole ikiwa imeshatumika. Taa yake moja haiwaki, ila nyuzi 37.5 inazishika barabara. Trei zake zimepimwa kwa mayai ya kawaida, kwa hiyo ya bantamu yalibingirika humo kama malimau kwenye ndoo, ikabidi niyabane kwa vipande vya trei ya karatasi. Hilo halikutajwa na yeyote.

Nikayaweka yote Jumamosi jioni. Ilikuwa Februari, jua kali na hewa kavu. Alhamisi ya siku ya 19 nikiwa kwenye matatu, binti yangu akanipigia kwa simu ya mamake: "Baba, mashine inalia!" Bantamu walikuwa wanatoka. Yai dogo halingoji siku 21, hutangulia kwa siku moja au mbili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilifika nikakuta vifaranga wawili, kila mmoja anaenea kwenye kikombe cha kahawa chungu, nikaingiwa na huruma kwamba watakufa njaa. Nikafungua mashine nikawatoa. Baada ya nusu saa akatoka mwingine, nikafungua tena. Mpaka usiku wa manane nilikuwa nimefungua mara tisa, na nina bantamu saba kwenye boksi. Kila nilipofungua, ukungu kwenye kioo ulikauka papo hapo, na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi kwamba sasa naona ndani vizuri. Kumbe ule ukungu ndio uliokuwa uhai wa Brahma.

Jumamosi Brahma wakaanza kudonoa. Tundu likatokea, ncha ya mdomo ikaonekana, sauti ikasikika, kisha kimya. Utando wa ndani ya ganda ulikuwa umekauka ukawabana kama mfuko wa nailoni. Kati ya 14 walitoka watatu. Mmoja nilijaribu kumsaidia kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu, akavuja damu, akanifia mkononi. Kibanio nilinunua kingine.

Na yote hayo ya bure! Kifaranga anapotoka bado ana kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa siku nzima, hata mbili, bila kula wala kunywa. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa maboksi kwenye mabasi ya usiku na wanafika wakipiga kelele. Nimeyaona maboksi hayo stendi miaka yote, sikuwahi kujiuliza.

Mara ya pili, mwezi wa Juni, nilitumia kalenda. Brahma Alhamisi jioni, bantamu Jumamosi asubuhi. Siku tatu za mwisho nikaongeza maji kwenye mashine mpaka unyevu ukapita asilimia 65, nikafunga kifuniko kwa seloteipu, na juu yake nikaandika jina langu kwa kalamu nyekundu: USIFUNGUE, na wewe pia. Stima ilipotea usiku mmoja, tukaifunika mashine kwa blanketi la Gikomba, mambo yakaenda. Walitoka pamoja Alhamisi hadi Ijumaa: Brahma 11, bantamu wanane.

Sasa nilidhani nimeshinda. Boksi la televisheni, maranda, balbu, chakula cha vifaranga nilichokisaga tena kwenye kinu cha jikoni kwa ajili ya midomo midogo. Kwenye sahani ya maji niliweka bano (gololi) za binti yangu, maana bantamu wa siku mbili anaweza kuzama kwenye maji ambayo Brahma anaosha miguu tu. Lakini Julai ya Nairobi mnaijua. Balbu ikizimika, wote hukusanyika rundo moja, na kufikia wiki ya pili Brahma walikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Asubuhi moja nikakuta bantamu mmoja chini ya rundo, bapa. Brahma hawakuwa wabaya. Walikuwa wazito tu.

Jirani alikuja kunipa pole akitabasamu.

Basi nikachukua kreti ya plastiki ya nyanya, nikaigeuza juu chini, nikapasha kisu kwenye jiko la makaa nikakata milango ubavuni, upana wa boksi la kiberiti. Moshi wa plastiki ulitutoa nyumba nzima. Ndani nikaweka chakula chao, maji yao, na kibuyu cha plastiki cha maji ya moto kilichovishwa sweta kuukuu, kwa ajili ya usiku ambao stima haipo. Bantamu waliielewa siku hiyohiyo: wakiona zogo, wanaingia. Brahma wanabaki nje wakichungulia kama watu wasio na kadi ya mwaliko.

Mmoja hakukubali. Alisukuma kichwa, akasukuma bawa moja, akakwama, akapiga mayowe mpaka mtu wa ploti ya pili akauliza tunachinja nini. Nilimtoa kwa mafuta ya kupikia, kijiko kizima. Wiki nzima alizunguka manyoya yameshikamana, wenzake wakimdonoa. Kila wiki nilikuwa nakipasha kisu na kupanua milango kidogo, lakini sikuzote nikimpima bantamu, si Brahma.

Kitu kingine, chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Mtu aliniambia bantamu apewe nusu tone kwa kuwa ni mdogo. Nusu tone unaikataje? Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mdogo kwa mkubwa. Shida ni kwamba chupa ni ya kuku 100 na ukishaichanganya haingoji kesho, kwa hiyo nilibisha mlango wa jirani nikamwambia alete broila wake. Alileta. Hakusema lolote kuhusu kuku wa urembo.

Nilibaki na bantamu saba. Jogoo wao, ambaye ukimshika unahisi umeshika sweta tupu, humfukuza Brahma wa kilo tatu na ushee kutoka kwenye chakula, kisha akikimbizwa anapotelea kwenye kreti. Walipofikisha miezi mitatu nilitaka kuitupa ile kreti, mke wangu akasema niiache. Januari tukapata humo yai la kwanza, dogo, rangi ya chai ya maziwa. Nilipoinama kulichukua nikakuta tetea wa Brahma amesimama upande wa pili, kichwa chote kiko ndani ya tundu, ananitazama.

Nikarudi jikoni kutafuta mafuta ya kupikia.