Kumbukumbu ya mradi: saa ya bibi iliyokuwa bubu asubuhi tu

Imekubali! Leo saa mbili na dakika nane asubuhi nimepiga 100, namba niliyoitenga ya kutaja saa, kwa simu ya mezani ya bibi, na sauti ya dada niliyoirekodi ikataja saa yote bila kumeza neno. Siku tisa zimeteketea kwa sababu ya alama tatu za kibodi.

Wiki hii nilipanga kuunga modemu ya GSM (ya laini ya simu ya mkononi) kwenye swichibodi yetu ya nyumbani ili simu za nje ziingie. Modemu bado imo kwenye boksi. Kosa ni la bibi. Nilipomuunganishia simu yake ya zamani kwa adapta, akawa anapiga dukani mbele na chumbani kwangu, akafurahi. Kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, na hii simu haiwezi kunitajia saa? Ile ya ukutani siioni tena, na dawa zangu ni saa mbili." Baada ya hapo nani angefungua boksi la modemu?

Mitambo yenyewe: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), Asterisk 22 (programu ya swichibodi), simu zote kwa PJSIP (sehemu ya Asterisk inayoongea na simu). (Wanaong'ang'ania chan_sip, iliyofanya kazi hiyo zamani, wajue iliondolewa tangu toleo la 21. Tuzike tu.)

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe Asterisk haina Kiswahili. Ukiweka lugha kuwa sw (Kiswahili), inachukua faili zako za sauti kwenye folda ya sw, lakini inazipanga kwa sarufi ya Kiingereza. SayNumber (amri ya kutaja namba) ya 21 inatoka "ishirini moja". Ya 150 inatoka "moja mia hamsini", utadhani mgeni aliyeshuka bandarini jana. Na ukiiomba saa, saa nane mchana inakuwa "mbili". Bibi angemeza dawa za asubuhi mchana.

Namba nilizinyoosha ndani ya say.conf, faili ya Asterisk ya kupanga matamshi, nayo inastahili sifa kuliko inazopata: unaandika umbo la namba, unaiambia itangulize "mia" kisha tarakimu, ichomeke "na" panapotakiwa, basi. Saa ndiyo iliyonishinda humo, kwa sababu ya kasorobo. Saa 14:45 si saa nane na dakika arobaini na tano, ni saa tisa kasorobo, yaani lazima uitazame saa inayofuata. Nikaandika skripti ya AGI (programu ndogo ya nje ambayo Asterisk inaiita) kwa bash, lugha ya amri za Linux: chukua saa kwa amri ya date, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa 0 sema kumi na mbili. Kisha robo, nusu, kasorobo, na mwisho kipindi cha siku.

Nikaijaribu usiku. Saa tatu na robo, safi. Saa nne, safi. Nikalala mfalme.

Asubuhi bibi ananiita: "Saa yako imelala." Napiga, nasikia: "Sasa ni saa... asubuhi." Namba haipo! Nakimbilia kompyuta, narekebisha hiki na kile, nikipiga tena saa inasema "saa nne na dakika tano asubuhi". Nikajipongeza kwamba nimetengeneza. Kesho yake, ugonjwa uleule.

Kwanza nilimshuku Pi, kwa kuwa haina betri ya kutunza saa umeme ukikatika. Saa yake ilikuwa sahihi. Nikashuku kwamba inasoma UTC (saa ya kimataifa), hapana, Africa/Dar_es_Salaam. Nikashuku kodeki (namna ya kufungasha sauti) ya adapta, ingawa alaw, kodeki yetu, ni alaw, asubuhi na jioni. Kisha nikashuku faili yenyewe ya "mbili", nikamrudisha dada ndani ya kabati la nguo (ndiyo studio yetu, kanga na mablanketi yanazuia kelele za bodaboda) arekodi upya "mbili" na "tatu". Nikazipitisha kwenye sox (programu ya kubadili faili za sauti), 8000 Hz, mono, biti 16. Asubuhi, kimya.

Kilichonifumbua macho ni usiku wa siku ya saba. Saa mbili usiku, bibi kapiga mwenyewe, ikamtajia "saa mbili usiku" waziwazi. Faili ni ileile! Mbili ya usiku na mbili ya asubuhi ni sauti moja ya dada. Kwa hiyo tatizo liko kabla ya sauti, kwenye hesabu. Usiku ule date inatoa 20. Asubuhi inatoa 08.

Zero ile ya mbele. Bash ikiona namba inayoanza na 0 inaihesabu kwa mfumo wa nane, na kwenye mfumo wa nane hakuna tarakimu 8 wala 9. Kwa hiyo 00 mpaka 07 zinapita salama, 10 kwenda juu hazina shida, ila 08 na 09 zinakataliwa. Yaani saa mbili na saa tatu asubuhi pekee, ndio muda wa dawa za bibi. Dakika ya 8 na ya 9 za kila saa nazo zilikuwa zikipotea, nami sikuwahi kupiga dakika hizo. Bash ilikuwa ikilalamika muda wote, lakini makosa ya AGI hayaonekani kwenye konsoli ya asterisk -r (dirisha la kuichungulia Asterisk inapoendelea kufanya kazi), na mimi nilikuwa nimeikodolea hiyohiyo.

Dawa: andika 10# mbele ya kigeu, hesabu irudi kwenye mfumo wa kumi. Alama tatu.

Mtaniambia nitumie Python. Mna haki, ila sitaki kusikia. Na anayetaka kuniuzia FreeSWITCH, programu nyingine ya swichibodi, na mafaili yake ya XML, aje kwanza amwelezee bibi.

Sasa nimeshaanza kuchungulia sanduku la ujumbe wa sauti, linalotaka kusema "una moja mpya ujumbe" badala ya "una ujumbe mpya mmoja". Modemu itasubiri.

Ila bibi ana shauri. Saa tisa kasorobo nilimwekea "mchana", naye anasema saa tisa ni alasiri, kila mtu anajua. Dada amesharudi chuoni, kwa hiyo mpaka likizo saa itasomwa na dada, na "alasiri" itatoka kwa sauti yangu ya mafua.