Kuutungia Tuni Mpya Wimbo wa "Mwamba Wenye Imara"

Kwa muda sasa nimekuwa nikiutungia tuni mpya wimbo wa "Mwamba wenye imara", na swali ninaloulizwa kabla mtu hajasikia hata noti moja ni kwa nini niguse wimbo ambao waumini wameuzoea jinsi ulivyo. Jibu langu la kwanza ni la historia. Maneno yake ya Kiingereza ni ya Augustus Toplady, aliyeyachapisha kwa ukamilifu mwaka 1776 na kufariki mwaka 1778. Tuni iliyoenea zaidi ilitungwa na Mmarekani Thomas Hastings mwaka 1830, kwa hiyo mshairi mwenyewe hakuwahi kuisikia. Nchini Uingereza maneno hayo hayo huimbwa pia kwa tuni ya Richard Redhead ya mwaka 1853. Sioni, basi, kwamba kutunga tuni nyingine ni kuuvunjia wimbo heshima.

Jibu la pili ndilo linalonigusa zaidi, nalo linahusu mkazo. Kila mstari una mizani (yaani silabi) saba, na tuni ya Hastings ilitungwa kwa ushairi unaokazia mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, huku ile ya mwisho ikivutwa. Kiingereza kinakubaliana na mpango huo, kwa sababu mistari yake humalizikia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiimba "Mwamba wenye imara", uzito unaangukia "i" na "ra", ilhali "ma", ambayo ndiyo roho ya neno lile, inapitwa haraka. Na katika mstari wa pili, "kwako nitajificha", jambo hilo hilo linaipata silabi ya "fi". Waimbaji wamezoea, ni kweli, lakini mtu anayesali kwa lugha yake anastahili kuisikia lugha hiyo ikitamkwa sawasawa hata anapoimba.

Katika tuni yangu, "Mwamba wenye" inakwenda kwa noti fupi zinazopanda taratibu kutoka do, noti ya kwanza ya ngazi ya do-re-mi, "i" inaingia kwa wepesi kabla ya pigo kuu, kisha "ma" inalipokea pigo lenyewe kwenye so, ndefu, na "ra" inashuka kwenye mi na kupumzika. Mstari wa pili unafuata mwendo huo huo, ila unaishia chini zaidi, kwa kuwa maneno yenyewe ni ya mtu anayejificha.

Ugumu uko kwenye beti zinazofuata. Tuni inayoukaa ubeti wa kwanza vizuri inaweza kuuumiza wa tatu, pale neno refu linapochukua nafasi ya maneno mawili mafupi na mkazo ukahama. Ndiyo maana ninazisoma beti zote kwa sauti, bila kuimba, nikipiga kofi kwenye kila mkazo, na pale makofi yanapotofautiana ninaacha noti mbili za urefu sawa ili mwimbaji aweze kuegemea upande wowote.

Upana wa sauti nimeuzuia usizidi oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata juu yake, ili mkutano wote uweze kuimba bila kupiga kelele wala kunyamaza. Mkutano ujifunze kwanza sauti ya juu peke yake, beti zote. Alto, teno na besi zitaingia tuni ikishakaa vinywani mwa watu.